Baisikeli na Vilima vya Uhehe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Iringa)



Halmashauri yenu imenipa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya safari za baisikeli katika nchi hii ya vilima, na kuwaonyesha njia zipitazo penye kumbukumbu za watu wa kale. Naipokea heshima hiyo kwa furaha, walakini najua ya kuwa baadhi yenu hamkuja kusikiliza, mmekuja kupinga. Yamekwisha semwa katika chama hiki, tena kwa sauti kubwa, ya kwamba mtumishi wa Serikali mwenye cheo chake hafai kuonekana juu ya baisikeli, suruali imekunjwa, jasho lamtiririka mbele ya watu anaowahudumia. Neno hilo lisipojibiwa kwanza, njia zote nitakazozitaja hazitapitwa na mtu.

Zamani za babu zetu karani mwenye baisikeli alikuwa mtu mkubwa. Watoto walitoka mbio waliposikia kengele, na wazee walimpisha njiani. Leo mambo yamegeuka: baisikeli imekuwa chombo cha muuza mkaa na mchukuzi wa maziwa, na mwenye cheo yumo ndani ya gari, vioo vimefungwa. Sisemi gari ni baya, maana kazi nyingi za Serikali haziwezi kungoja nguvu za miguu. Nasema tu ya kwamba mtu aliye garini huipita nchi bila kuiona. Twaandika katika majalada yetu, "Kijiji kiko umbali wa kilomita 18, barabara yapitika," na mwandishi hajui ya kuwa katikati ya kilomita hizo pana mlima ambao mama mwenye mzigo kichwani hutua mara tatu kabla ya kuumaliza. Aliyeupanda mlima huo kwa baisikeli anaujua kwa mapaja yake, wala hatausahau siku atakapoulizwa zahanati ijengwe upande gani.

Tena wengi wetu hapa si wazaliwa wa Iringa. Tumeletwa kwa barua ya uhamisho, na huenda barua nyingine ikatuondoa kabla hatujajua tuliishi wapi. Nimekutana na watumishi waliokaa mjini hapa miaka minne wasifike Kalenga, mahali palipo kilomita 15 tu kutoka ofisini kwao. Mtu wa namna hiyo, akisemewa na mzee wa Kihehe juu ya mambo ya Mkwawa, hutikisa kichwa kwa adabu, akapiga muhuri, akaita mwingine. Heshima gani hiyo?

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Baisikeli ya mlimani si ya zamani sana. Vijana wa California, huko Marekani, katika miaka ya 1970, walichukua baisikeli nzito za kizamani wakashuka nazo kwa kasi katika njia za vumbi za mlima Tamalpais. Zilipowavunjikia wakaanza kuunda fremu zao wenyewe zenye nguvu zaidi, na ilipofika miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vikizitengeneza kwa wingi. Alama zake ni tairi pana, zipatazo inchi 2 au kupita, zenye meno ya kushika udongo. Usukani mrefu ulionyooka. Breki zenye nguvu. Na gia nyingi. Aghalabu uma wa mbele una springi za kupunguza mshindo wa mawe.

Gia ndizo ziwasumbuazo wageni. Kanuni yake ni moja: badili kabla ya mlima, usibadili ukiwa katikati ya mlima. Mnyororo uliokazwa kwa nguvu zote za miguu hautaki kuhamishwa. Utaruka, au utakatika, nawe utarudi nyumbani ukisukuma. Uuonapo mlima ungali mbali, hamisha mnyororo kwenye gurudumu kubwa la meno la nyuma, kisha zungusha miguu upesi upesi bila kukamia. Utapanda polepole kama kobe, lakini utapanda. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na ndugu zetu waliotoka pwani karibuni wasione haya wakihema. Kifua huzoea baada ya wiki chache.

Katika kuteremka, rudisha kiuno nyuma ya kiti, pedeli zote mbili ziwe sawa kwa sawa, vidole viwe juu ya breki, nazo uzishike kidogo kidogo, ya mbele na ya nyuma pamoja. Anayeikamata ya mbele peke yake kwa nguvu zote hurushwa juu ya usukani. Penye mchanga usipinde usukani ghafula. Kanyaga kwa mwendo mmoja, uache gurudumu lijitafutie njia. Tairi likiwa gumu sana hurukaruka juu ya mawe, kwa hiyo punguza upepo kidogo uingiapo njia mbaya, na ujaze tena ufikapo barabara ya lami. Wenye baisikeli nyeusi za kawaida, zisizo na gia, wasikate tamaa. Kalenga waweza kufika, mradi wakubali kushuka na kusukuma penye mwinuko, jambo ambalo halijamwua mtu.

Kuhusu njia, yafaa kuanzia Boma la mjini. Jengo hilo la Wajerumani lilikuwa ofisi za utawala tangu enzi ya Waingereza, na baada ya Uhuru likaendelea kuwa ofisi za Serikali. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Yaani vyumba walimokaa makarani wenzetu, kizazi baada ya kizazi, wakinakili barua na kupanga majalada, leo watu huingia kwa tiketi kutazama vitu vya kale. Kabla ya kupanda baisikeli, ingieni humo saa moja, ili mtakayoyaona njiani yawe na mahali pa kukaa katika fikira zenu.

Kwa mazoezi ya jioni baada ya kazi, nendeni Gangilonga, lile jiwe kubwa litazamalo mji, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linenalo. Safari ni fupi, mlima ni mkali, na jua likitua mtauona mji wote chini yenu. Upande wa kaskazini, si mbali na mji, pako Igeleke, penye michoro ya kale juu ya mwamba. Michoro ile isiguswe kwa mkono, wala isimwagiwe maji ili ing'ae katika picha. Jasho la kiganja na maji huila rangi, na aliyeichora hayupo aje kuirudia.

Njia niipendayo kuliko zote ni mzunguko wa Kalenga na Isimila, kama kilomita 50 hivi, unaotoka mjini kwa upande wa magharibi na kurudi kwa barabara ya Mbeya. Hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Mtoke mapema, saa 12 asubuhi, kungali na baridi. Mwendo wa Kalenga si mgumu: vilima vidogo vidogo, mashamba ya mahindi na alizeti, na yale mawe makubwa ya Uhehe yaliyosimama kama nyumba zisizo na milango. Mkikutana na watu semeni, "Kamwene," na mngojee kuitikiwa. Mpanda baisikeli asiyeamkia watu huonekana mwizi au mgonjwa.

Kalenga ulikuwa mji mkuu wa Mkwawa. Alikuwa ameuzungushia ukuta mkubwa, akatumaini ya kuwa hapana jeshi litakaloupita. Mjue alikuwa na sababu ya kutumaini. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, watu wake waliivizia safu ya Wajerumani iliyoongozwa na Zelewski, yule ambaye Waswahili walimwita Nyundo, wakaivunja kwa muda mfupi. Zelewski mwenyewe aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari na wapagazi kwa mamia. Bunduki zao zikachukuliwa. Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijiandaa kulipa kisasi. Wakaja chini ya Gavana von Schele, wakaleta mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaingia Kalenga kwa nguvu. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne.

Mgeni afikaye Kalenga akitazamia kuona ngome kubwa atasikitika. Ukuta umebomolewa, mvua za miaka zaidi ya 100 zimeuyeyusha, na watu wamejenga na kulima ndani ya mji ule ule. Ni masalio machache tu ambayo mwenyeji aweza kukuonyesha kwa kidole. Na hapo ndipo panapo neno zito la hotuba yangu. Tuta la udongo ambalo wewe waliona ni mahali pazuri pa kurusha baisikeli yako, huenda ndilo ukuta. Vijana wa mjini wanunuao baisikeli za mlimani hupenda matuta, nami siwalaumu, maana kuruka kuna raha yake. Walakini kwa siku moja ya raha yao twaweza kupoteza kilichoachwa na mizinga ya von Schele. Kalenga tushuke, tutembee kwa miguu, na mwenyeji atutangulie.

Katika makumbusho madogo ya hapo limo fuvu la Mkwawa. Habari yake yatufaa sana sisi watu wa ofisi. Mkwawa alijiua kwa bunduki tarehe 19 Julai 1898, askari wa doria wakiwa karibu kumfikia, kwa kuwa hakutaka kushikwa hai. Wajerumani walikuwa wametangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Sajini wa Kijerumani akaamuru akatwe kichwa, kikachukuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani iliagizwa kulikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza katika muda wa miezi 6. Miezi 6, mabwana! Fuvu likarudi Kalenga mwezi Juni 1954, kutoka makumbusho ya mji wa Bremen, likaletwa na Gavana Twining na kupokewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Hesabuni wenyewe: miaka 35. Kila mmoja wetu ana barua iliyolala chini ya nyingine katika trei. Basi tuwapo mbele ya kabati lile la kioo na tukumbuke ya kuwa mwenye haja huko nje yuaendelea kungoja, na pengine anachongojea si kitu kidogo.

Kutoka Kalenga njia hupanda kwenda Tosamaganga, penye misheni ya zamani ya Kikatoliki, na kanisa lake kubwa la matofali. Huu ndio mwinuko wa kutoa jasho. Pumzikeni kanisani penye kivuli, mjaze maji, kisha mshuke kwenda barabara ya Mbeya na kuifuata mpaka njia ya kuingilia Isimila. Katika barabara kuu tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, kofia ngumu kichwani, na msikiapo lori nyuma yenu shukeni pembeni bila kushindana nalo. Dereva wa lori la tani 30 hakuoni.

Isimila iko yapata kilomita 20 kutoka mjini. Ni korongo kavu, na ndani yake maji yamechonga nguzo za udongo, ndefu kama minara, kila moja na kofia yake ya udongo mgumu juu. Watu wengi huja kupiga picha za nguzo, wakarudi. Lakini hazina ya Isimila iko chini, miguuni. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita aliokota hapo mawe yaliyochongwa, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya Profesa Howell, wakachimba. Wakakuta mashoka ya mawe kwa wingi, ya kushika mkononi bila mpini, yaliyochongwa pande zote mbili, mengine makubwa hata mtu wa leo hayawezi kwa mkono mmoja. Pamoja na mifupa ya wanyama, akiwamo kiboko wa namna isiyoko tena duniani. Wataalamu huhesabu ya kuwa waliochonga mashoka hayo waliishi zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Ukiinama ukatazama jiwe moja, utaona alama za mapigo: hapa alipiga, hapa akageuza, hapa akapiga tena. Mtu yule alikuwa fundi, na alijua atakalo kabla ya kuanza.

Basi sikilizeni kwa makini juu ya Isimila. Maji ndiyo yaliyofunua mashoka yale, na maji yale yale ndiyo yatakayoyachukua. Gurudumu la baisikeli likipita mara nyingi juu ya udongo laini huacha mfereji mwembamba. Mvua ya kwanza huufuata mfereji huo, ya pili huuchimba, na kwa miaka michache mfereji umekuwa korongo jipya, na lililokuwa limelala tangu zamani zile limekwenda na maji mpaka mtoni. Kwa hiyo baisikeli zote zitaachwa juu, mahali pa walinzi. Tutateremka kwa miguu katika njia iliyowekwa, na hapana mwanachama atakayetia jiwe mfukoni, hata dogo, hata la kumwonyesha mtoto. Najua kuna wasemao, "Mawe ni mengi, moja halitapungua." Mhasibu yeyote aliyeko hapa ajua hesabu hiyo huishia wapi.

Rudini mjini kabla jua halijawa kali, au mngojee lipunguke. Mlima wa Ipogolo, ule wa mwisho kuingia mjini, umewanyenyekeza wengi waliojiona hodari asubuhi. Hakuna aibu kuumaliza kwa miguu.

Iko safari ya pili kwa walio imara, nayo ni ya Mlambalasi, yapata kilomita 50, katika barabara iendayo mbuga ya Ruaha. Ndipo Mkwawa alipofia, na hapo pana kaburi la mwili wake, fuvu likiwa Kalenga. Karibu yake pana pango la mwamba ambamo wataalamu wamechimba na kukuta mifupa ya watu wa kale zaidi. Kwenda na kurudi ni kilomita 100 katika nchi yenye joto na miba kuliko huku juu. Nashauri kwenda siku moja na kurudi ya pili, au kurudi kwa gari. Mtu asiende peke yake.

Lugalo siwashauri kwa baisikeli. Jiwe la ukumbusho liko upande wa barabara kuu ya Morogoro, na malori ya Zambia na Kongo hupita humo mchana na usiku. Nendeni kwa basi. Ndugu zetu waliokulia Dar es Salaam hulijua jina la Lugalo kwa kambi na hospitali ya jeshi tu. Si vibaya wakaone lilikotoka.

Sasa maneno machache ya vitendo. Wakati mzuri ni kuanzia Mei mpaka Novemba. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuuma vidole, chukueni koti. Mvua zikianza njia za udongo mwekundu hugeuka utelezi, udongo ukajaa kati ya tairi na fremu hata gurudumu lisizunguke; tena kuipita njia ya shamba wakati huo ni kuwaharibia watu njia yao. Njia nyingi tutakazopita si za Serikali wala si zetu, ni za watu waendao shamba, kisimani na kanisani. Akija mama na ndoo kichwani, mwenye baisikeli ndiye ashukaye. Na kwa kuwa ulanzi wa Iringa wajulikana, nasema wazi: ni kinywaji cha jioni, baisikeli ikiisha egeshwa nyumbani.

Kila mtu na achukue maji lita 2 au 3, chakula chake, tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, pampu, na spana zienezo katika baisikeli yake. Miba ya huku haina huruma. Mnyororo usafishwe kwa kitambaa na kutiwa mafuta kidogo usiku wa kuamkia safari. Mafuta yakizidi hukamata vumbi likawa kama msasa. Breki zitazamwe na fundi siku tatu kabla, ili kama pana kitu cha kununua kipatikane. Mabibi wanachama wamekwisha andikisha majina sita, na mabwana wanne tu. Orodha iko kwa Bwana Katibu, nayo itafungwa Jumatano saa 9 alasiri. Tutakutana mbele ya Boma.